Kidole Gumba cha Wembe

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na nadhani ukuta wenyewe umeshatuchoka. Hapo hukaa Redio, ambaye hakuna habari asiyoijua na hakuna hata moja aliyoipata sawasawa. Hukaa Mstaafu, aliyepanda nguzo za umeme ujana wake wote na hadi leo kila tatizo kwake ni shoti. Yupo Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutukata maneno, na mimi fundi viatu, nashona huku nikisikiliza upuuzi. Kinyozi mwenyewe tunamwita Wembe. Wiki hiyo mlango wake ulikuwa umefungwa. Alikaa nasi benchini, kidole gumba cha mkono wa kulia kakilaza gotini, anakitazama kama mtu anayechunga kuku wa jirani.

– Kinacheza tena, akasema. Oneni.

Tukainama. Kweli, nyama ya chini ya kidole ilirukaruka kidogo, ikatulia.

– Hicho tu? Mama Birika akabetua midomo. Kope yangu hucheza wiki nzima na kahawa nauza.

– Kope haimpiti mtu shingoni, Mama Birika. Mimi nashika wembe.

Redio akakohoa kusafisha koo. Tukajua tumekwisha.

– Kuna bwana mmoja ilimwanza hivyohivyo. Kidole. Ikaenda mkono, ikaenda mguu, ikaenda ulimi. Mwisho akabaki anapepesa macho tu. Dalili ya mvua ni mawingu.

– Huyo bwana unamjua? nikamuuliza.

– Namjua aliyesikia.

Ndiyo habari ileile Wembe aliyoisoma kwenye simu siku kidole kilipoanza, akafunga duka asubuhi hiyohiyo.

– Lakini si ulikwenda kwa daktari? nikasema.

– Nilikwenda. Akanigonga goti kwa kinyundo. Akaniambia nimvute, nimsukume, nitembee kwa visigino. Halafu akasema nguvu ninazo zote na neva ni nzima, msuli unacheza tu kwa uchovu, wasiwasi na kahawa. Nilale vya kutosha, na niache kusoma magonjwa kwenye simu.

– Akakupa dawa gani? Redio akauliza.

– Hakunipa.

– Hata kidonge?

– Hata nusu.

– Daktari gani huyo! Hata muuza nyanya hukuongezea moja!

– Eti kahawa, Mama Birika akadakia. Huyo ana kijicho na riziki za watu. Lete kikombe nikuongezee.

Wembe akaleta kikombe. Akili ni nywele, na yeye zake alishazinyoa.

Mstaafu alikuwa anatikisa kichwa muda wote, akingoja zamu.

– Mnahangaika bure. Mwili una umeme. Hiyo ni shoti. Vua viatu ukanyage udongo mbichi, moto ushuke ardhini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

– Ufa na umeme wapi na wapi? nikauliza.

– Nyaya hupita ukutani. Fundi viatu utajua nini?

Akavua vyake ili atuonyeshe. Redio naye hakukubali kupitwa.

– Si umeme wa mwili, ni ule mnara wa simu. Kidole gumba ndicho kinachobonyeza simu, kimeshazoea. Sasa kinapokea ujumbe wa mtaa mzima, kitatuliaje? Kidole kimoja hakivunji chawa!

Wembe hakucheka. Akatoa mfukoni utepe wa kupimia wa fundi nguo, akapandisha suruali, akazungushia mguu.

– Na kigimbi cha kushoto kimepungua.

– Ulianza kupima lini? Mama Birika akamuuliza.

– Jana.

– Kimepungua kutoka wapi, basi?

Wembe akaanza kupima upya. Redio akampokonya utepe ule.

– Lete uone vigimbi vya mwanamume.

Akapima kimoja. Akapima cha pili. Akarudia cha kwanza, akarudia cha pili.

– Vipi? nikasema.

– Utepe mbovu huu. Fundi, hebu nitazame jicho hili. Haliruki?

Tukaangua kicheko, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote, maana nilihisi kitu kimetekenya pajani na sikutaka ajue mtu.

– Chekeni, Wembe akasema. Nikiamka, kabla sijamwamkia hata mama mkwe, nanyanyua kiti kwa mkono mmoja nione kama nguvu bado ipo. Nakuta ipo. Nikishakiweka chini naogopa tena. Mke wangu amechoka. Ananiambia aliolewa na kinyozi, si na kidole.

Mama Birika akammiminia kahawa ambayo hakuiomba.

Ndipo akatokea mzee mmoja mgeni, ndevu zimemjaa usoni, koti zuri mkononi.

– Shikamoo mzee.

– Marahaba, wanangu. Naozesha binti leo na uso ndio huu. Kinyozi yuko wapi?

– Kinyozi mgonjwa, Redio akasema. Huyu hapa. Kidole kinamcheza, ndiyo safari hiyo, mzee wangu.

Mzee akakitazama kidole, kisha mwenye kidole.

– Na ukishika wembe, kinacheza?

Mstaafu akatazama nyayo zake. Asubuhi nzima tulikuwa tumemtibu, tumempoozesha na tumemzika, na swali hilo hakuna aliyekuwa nalo.

– Sijashika tangu kianze, Wembe akasema kwa sauti ndogo.

– Basi fungua. Watu wananingoja.

Akafungua. Nikachungulia dirishani. Alipaka povu, akabadilisha wembe, akavuta pumzi, akaanza shavuni. Mkono ulipofika kooni mwa yule mzee, mimi ndiye niliyefumba macho. Nilipoyafumbua, kidole kilikuwa kimekaza kwenye mpini, kimetulia kama mkono wenyewe, na Wembe alikuwa anamuuliza mzee habari za bwana harusi.

Alipomaliza akaweka wembe chini, na kidole kikaruka mara moja. Akakitazama. Akakifuta povu kwa taulo, akatoka mlangoni.

– Nani anafuata?

Redio, mwenye ndevu za wiki nzima, akakumbuka ana haraka. Mstaafu akaanza kutafuta viatu. Mimi nikaweka sindano chini, nikaingia, nikakaa kitini na kumtolea shingo.