Chujio la Baba Mkwe

Kijiwe chenyewe ni spika mbili kuukuu zilizolazwa mbele ya karakana ya vinanda, ubao ukapitishwa juu yake. Hapo ndipo dunia hurekebishwa kila alasiri, na anayebisha hajawahi kukaa. Siku hiyo Fundi Waya, mwenye karakana, alijibana pembeni kabisa, kikombe cha kahawa mkononi, macho barabarani. Baba mkwe wake alikuwa njiani kuja kuchukua kinanda chake cha umeme, jioni apande nacho jukwaani. Na kinanda kilikuwa kimepona kila kitu isipokuwa sauti.

Aliwaeleza wenzake kwa sauti ya mgonjwa. Ndani ya kinanda hicho mna chujio, kipande kinachozuia ukali wa sauti na kuacha unene upite. Ukizungusha kitufe chake, sauti inafunguka taratibu kama mlango. Chujio la mzee lilikuwa likikwaruza kila likizidiwa. Waya akaona ni ubovu. Akaling'oa kwa koleo, likavunjika, akapachika jipya la vipimo vile vile, linalokata pale pale. Lakini la zamani lililia kama mtu aliyebana machozi. Hili jipya linasoma taarifa ya habari.

— Hilo dogo, alisema Kinyozi. Mimi nina mashine mbili za namba moja. Moja inakata nywele ghafla, ukuta. Nyingine inateremka polepole, kilima. Namba ile ile, kichwa si kile kile.

Waya akatikisa kichwa. Mteremko wa chujio alishausawazisha na wa lile la zamani, na sauti bado ilikuwa ya mgeni.

Mama Birika, mwenye kahawa, akasema kosa ni usafi. Kitambaa chake cha kuchujia hakijawahi kuonja sabuni, na siku aliyotumia kipya wateja walimwambia anauza maji ya moto.

— Damu nzito kuliko maji, mwanangu, akamalizia, na kila mtu akachungulia kikombe chake.

Hapo Daktari akakohoa. Udaktari wake aliupata kwa kusukuma machela, lakini akikohoa watu hunyamaza. Akauliza: kile kitufe cha pili cha chujio, ukikizidisha, si chujio huchukua sauti yake lenyewe na kuimeza tena, hadi lipige mluzi? Waya akakiri ndivyo.

— Basi kinachojila chenyewe kina nafsi. Kikulacho ki nguoni mwako. Umeua, Fundi.

Kinyozi akasogeza kikombe chake mbali kidogo na cha Waya. Daktari, akiona amesikilizwa, akaongeza kwamba sauti iliyofukuzwa haifi, huzunguka ikitafuta koo la kuingia, tena huanza na la jirani. Mama Birika, aliyekuwa na mafua tangu asubuhi, akafumba mdomo na hakuufumbua tena.

Lakini hofu ya Waya haikuwa ya mizimu. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, bendi nzima inajua. Siku aliyoleta kinanda alimshika mkwewe bega, akamwambia:

— Mwanangu, vidole vimeniaga. Imebaki ile sauti. Nikibonyeza hata nota moja, watu watajua ni mimi.

— Mwambie ukweli, alisema Kinyozi.

— Nianzie wapi?

— Anzia kwenye salamu.

Hakuna aliyecheka, maana kofia ya mzee ilikuwa imeshachomoza kwenye kona. Alitembea mikono ikiwa mifukoni, kama mtu aliyeficha kitu. Waya akasimama, akamwamkia, akaitikiwa kwa upendo, na upendo huo ndio uliomkata maini. Kinanda kikaletwa nje, kikawekwa ubaoni, kikachomekwa umeme.

Mzee akabonyeza nota moja, nene, ya chini. Kwa mkono wa kushoto akazungusha kitufe, polepole, kisha zaidi, hadi pale ambapo chujio la zamani lilikuwa likilemewa na kuanza kulia. Hili halikulemewa. Sauti ikapita laini, kama maji kwenye bomba jipya. Akarudia, safari hii ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliwatazama mmoja mmoja, akaishia kwa Waya, akauliza taratibu:

— Huyu anayepiga ni nani?

Kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza. Nota ikaendelea, safi, na mabingwa wote wa ubaoni wakatazama chini.