Neno Moja kwenye Skrini ya Mugisho

Makaribisho

Mgeni rasmi, Mhandisi Lenny Barngetuny, mkuu wa ubunifu katika kampuni iliyotengeneza programu ya kuwashauri marubani wa ndege ndogo. Viongozi wa kiwanja cha ndege. Ndugu wanachama: sisi wa Klabu ya Marubani ya Maziwa Makuu, Grand Prairie, tunakushukuru kwa kuondoka mjini kwako Katy alfajiri ukaja kutusikiliza. Sombe, yaani kisamvu, iko jikoni, kwa hiyo usituage mapema.

Tulikotoka

Wengi wetu ni wa mashariki ya Kongo na Burundi. Tunafanya kazi maghalani na kwenye nyumba za kutunza wazee. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, tulizitazama ndege zikipita juu. Ndugu yetu Mugisho alikuwa wa kwanza kupata leseni, na ndiye aliyetuvuta sisi wengine. Leo tuna ndege moja ya viti vinne, tunairusha kwa zamu, na hatugombani sana.

Yaliyotufaa

Hatukukuita tukulaumu tu. Programu yako hupima hali ya hewa, mafuta na uzito wa mizigo, kisha humwambia rubani aendelee, arudi au atue jirani. Majira ya kuchipua programu ilimrudisha mwenzetu Balthazar njiani. Alinung'unika, akatii. Jioni hiyo mvua ya mawe ilivunja vioo vya magari katika mji jirani wote wa Arlington, naye alikuwa nyumbani anakunywa chai. Tunaipenda programu hii.

Kilichotupata

Mwezi uliopita Mugisho alikuwa anaruka kwenda Houston kuwa baba wa ubatizo. Katikati ya safari, skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba mawingu ya mbele yatashuka chini ya kiwango salama, "eventually". Abiria wake akauliza, "Turudi?" Mugisho akajibu, "Inasema éventuellement. Ni pengine tu. Twende."

Mgeni rasmi, wewe ulisoma Kenya, shuleni ulikuta Kiingereza. Sisi tulikuta Kifaransa. Neno hilo kwako ni "mwishowe, hakuna budi". Pacha wake kwetu ni "huenda". Mawingu hayakujua Kifaransa. Yalishuka hadi karibu na miti, na Mugisho akaitua ndege kwenye malisho ya ng'ombe. Gurudumu lilivunjika. Hakuna aliyeumia.

Lakini ripoti ya kampuni yako inasema: "Rubani alipuuza ushauri." Kwa sentensi hiyo chuo chake cha urubani kimemzuia kufanya mtihani wa urubani wa biashara, mtihani aliousomea miaka mitatu baada ya zamu za ghala. Inatuuma sana. Mtu aliyepuuza hasomi skrini mara mbili. Mugisho aliisoma mara mbili, kwa sauti. Abiria huyo alikuwa mimi ninayesoma risala hii, na mimi pia nilielewa "huenda".

Maombi

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Angani tunawakatalia: aambiwe, tena mapema. Tunaomba programu iseme wazi: mawingu yanashuka, rudi sasa. Iongezwe Kiswahili, na sisi tupo tayari kuyapima maneno hayo bila malipo, kila Jumamosi, hadi yaeleweke kwa Mkongo, Mrundi na Mkenya vilevile.

Tena tunaomba sentensi ile isahihishwe. Iandikwe kwamba rubani aliusoma ushauri na hakuuelewa. Hatuombi huruma, tunaomba ukweli, na tutaendelea kuuomba.

Mugisho hayumo humu ukumbini. Yupo nje, anaosha ndege ambayo tangu siku ile hajagusa usukani wake. Ukitoka utamkuta. Tafadhali, usimwambie kwamba jambo lake litashughulikiwa "eventually". Mwambie ni lini.

Mungu akurudishe Katy salama, na kila anayeruka leo atue anapotarajiwa.

Ni sisi,
Klabu ya Marubani ya Maziwa Makuu, Grand Prairie.
Imesomwa na Bernadette Wilondja, wa kiti cha kulia.