Tamar Kavugho, mwenye kupima joto la taji ya jua

Bachungaji, majirani, na ninyi benye kutoka Beni leo asubui bila kujua kama baasi batabaacha mufike, mimi ni Jéthro, kaka yake mukubwa, jamaa imenituma kusoma maisha ya dada yetu.

Tamar Kavugho alizaliwa Mbau tarehe 14 machi 1988, binti ya hayati baba Sikuli na mama Virginie, alisoma masomo ya musingi kule kule, akapata diplome d'État ya kumaliza sekondari Beni mwaka 2006, na licence, digrii ya fizikia, hapa Butembo mwaka 2012, akabaki assistante, musaidizi wa baprofesa, kwenye chuo kikuu. Tarehe 9 agosti 2014 aliolewa na Éliakim, Mungu akabapa batoto babili, Shekinah na Manassé.

Kazi yake ilikuwa kukadiria joto la taji ya jua, ule moto mwepesi unaolizunguka, unaopita digrii milioni moja, hata kama uso wa jua ni karibu elfu sita tu. Thermomètre hapana kufika kule, donc alichukua picha za satelite za mwangaza wa ultraviolet, ule macho yetu hapana kuona, akalinganisha pahali pamoja katika picha sita, kila moja ya mwangaza wa namna yake, maana chuma kilichogeuka hewa kule kinabadilisha mwangaza kila joto linapozidi. Alizoea kuniita yaya, ni kusema kaka mukubwa, na kuniambia: « Yaya, picha moja inadanganya. »

Tarehe 17 juni 2024 alikuwa Mbau kwa mama pamoja na batoto, risasi za baasi zikalia nyuma ya shamba, akakimbia na Manassé mugongoni, akiziba kinywa cha Shekinah kwa mukono, bakalala chini ya kakao saa tano nzima, na disque ya ordinateur, ile kompyuta yake, yenye hesabu za myaka mine, ikabaki nyumbani. Siku ya tatu alirudi peke yake na pikipiki, mama akilia: « Utakufa sababu ya jua? » Aliileta ile disque, mais tangu siku ile moyo wake haukutulia, mulango ukijipiga alijitupa chini, na sisi wote pamoja naye.

Alitetea kazi yake mbele ya baprofesa tarehe 6 februari 2025, na baliikubali. Tarehe 20 juni moyo ulimuzidia, akalazwa, na siku ya Mungu, Jumapili tarehe 29, saa ine ya asubui, akatuacha.

Alitaka kuzikwa Mbau karibu na baba, hatukusubutu, maana baasi bangali kule.

Aksanti kwa baganga na bainfirmière, bauguzi ba hospitali, kwa majirani benye kukesha nasi, kwa benzake ba kazi benye kulinda zile hesabu.

Tamar, sisi tungali tunaogopa, wewe hapana tena. Pumzika na amani.