Mlango wa Ubavuni

Treni ilikuwa ikikatiza mashamba ya tumbaku ya Carolina Kaskazini, na Tamsin, mwanafunzi wa historia, alikuwa ameacha kusoma ili asikilize. Mbele yake mwanamume mmoja wa Kizungu alikuwa amepakata stesheni ndogo ya mbao, mfano wa stesheni ya Pickard, aliyoijenga kwa ajili ya maktaba ya mji huo. Alikuwa akimweleza bibi Mweusi aliyeketi kando yake kwamba kila kitu ni kama kilivyokuwa mwaka 1938. "Hata kijani hiki cha madirisha, bibi. Nilikwangua rangi ya zamani nikailinganisha."

"Umejitahidi, mwanangu," alisema bibi. "Na mlango wetu umeuweka wapi?"

"Mlango upi?"

"Wa ubavuni, penye makaa. Mama yangu aliingilia huko. Huu mkubwa ulikuwa wenu Wazungu, sisi Weusi hatukuruhusiwa."

"Kwenye picha ya mwaka huo niliyoifuata hauonekani."

"Mpiga picha alisimama mbele. Sisi huko mbele nani angeturuhusu?"

Picha hiyohiyo ilikuwamo katika kitabu cha Tamsin, naye asubuhi ile alikuwa ameisifu.

"Watakaoutazama mfano huu ni watoto," alisema mwanamume. "Mambo hayo yatawahuzunisha."

"Kumbe ukweli wako unaishia kwenye rangi."

Treni ikasimama Pickard, wote wawili wakashuka. Bibi alikwenda moja kwa moja ubavuni mwa stesheni, akagonga kwa mkongojo mahali penye upana wa mlango ambapo matofali yalikuwa mekundu kuliko mengine. Mwanamume alibaki amekumbatia kazi yake mbele ya mlango mkubwa uliokuwa wazi, asiingie.