Henrique Januário, Baba wa Njiti wa Palma

Ndugu wafiwa, majirani, wenzake wa kazi, na nyinyi mliokuja kwa ajili ya wali, naanza kwa kuomba radhi, kwa sababu historia hii nitaisoma vibaya, na kosa si langu, kosa ni la binti yangu Yasmin aliyeiandika kwa herufi ndogo kama dagaa, basi nikikwama ataninong'oneza, amesimama hapa kando yangu, nanyi mjifanye hamjasikia. Familia ilikuwa na watu wa heshima wa kuisoma, ikanichagua mimi, Rafique Adamo, mtani wa marehemu, mimi mtu wa Quionga na yeye Mmakonde, na mtani hafukuzwi msibani.

Marehemu Henrique Januário alizaliwa tarehe 4 Machi 1959, Mueda, mtoto wa tatu wa mzee Januário na mama Benvinda, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mimba ile ilipitiliza siku zake, akatoka mtoto kama gunia la mihogo, kwa hiyo huyu aliyehangaika maisha yake yote na watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, yeye mwenyewe alichelewa, na hakuacha kuchelewa mpaka leo, maana jeneza tulilisubiri saa nne, likaingia saa saba.

Alianza shule ya msingi huko huko Mueda, vita vya ukombozi vikaikatisha, akaimaliza baada ya uhuru, mwaka 1981 akaenda Pemba, hii yetu ya bara, si ile ya kisiwani, kusomea uuguzi, akahitimu mwaka 1983, akapangiwa Palma, akaja na sanduku moja na Kiswahili ambacho wavuvi walilipa kiingilio kukisikiliza.

Mwaka 1994 alikabidhiwa watoto wachanga, na hapo akaona jambo lililomkera, kwamba mtoto njiti, aliyezaliwa miezi miwili au mitatu kabla ya wakati, akishaongezeka uzito anaruhusiwa, watu wanapiga vigelegele, na baada ya hapo hakuna anayemuulizia, ilhali macho yake, masikio yake, mapafu yake na kichwa chake bado vinajijenga. Alikuwa akisema mtoto wa namna hiyo ni wali ulioepuliwa na maji hayajakauka, usipoupalia makaa juu ya kifuniko utaula mbichi. Akaanza kuwafuata majumbani kwa baiskeli, Quionga, Pundanhar, kokote kule, mizani ya kuning'iniza imefungwa nyuma, na mizani ilipovunjika aliazima ya wauza samaki, akaiosha kwa sabuni mara tatu, na bado akina mama walinung'unika kwamba watoto wanarudi wananuka changu, na wapita njia walimwuliza huyo kilo bei gani.

Aliwafundisha wazazi kuhesabu umri wa njiti kuanzia siku aliyotakiwa kuzaliwa, si siku aliyowahi kutoka, ili mama asilie mtoto wa jirani anakaa na wake bado analegea. Kwa hesabu hiyo kila njiti alikuwa na sikukuu mbili za kuzaliwa, na marehemu alihudhuria zote mbili, akala zote mbili.

Tarehe 16 Septemba 1989 alifunga ndoa na Bi Aida hapa Palma, akafika kanisani bibi harusi amekwisha kaa chini, viatu amevua, kwa sababu alipitia kwanza kumwona mtoto aliyekuwa na homa, na Bi Aida akamwambia mbele ya padri kwamba kama anaoa aoe, kama anapima apime. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dário na Catarina, wote walitimiza miezi tisa, na marehemu aliwalalamikia kwamba hawana kazi ya kumpa.

Sasa nafika pangu. Tarehe 11 Mei 2008 mke wangu Latifa alimzaa Yasmin, wiki ishirini na tisa tu, kilo moja na kidogo, akawekewa oksijeni, akabebwa ngozi kwa ngozi wiki tatu, akaruhusiwa, tukarudi Quionga tukidhani mambo yamekwisha. Siku chache baadaye marehemu akatokea uani, akasema daktari wa macho atakuwa Palma siku moja tu, wiki ijayo, na njiti aliyezaliwa mdogo hivi na kupewa oksijeni, mishipa ya macho yake inaweza kuota vibaya, asipoonwa mapema anaweza kuwa kipofu, na kwa nje huwezi kujua.

Mama mkwe wangu, Bi Zuleica, akakaa mlangoni. Kwetu mtoto hatoki nje mpaka arobaini, na Bi Zuleica alikuwa na hesabu yake, kwamba siku za hospitali hazihesabiki, arobaini inaanza siku mtoto aliyoingia nyumbani, kwa hiyo zimebaki thelathini na kitu. Nilimbembeleza, akaniambia, wewe Rafique nyamaza, kazi yako kuchekesha watu. Usiku ule mke wangu alikuwa akimpitishia mtoto kidole mbele ya macho, kushoto, kulia, analia kimyakimya.

Asubuhi marehemu akarudi, akaketi mkekani, akasema, Bi Zuleica, wewe una hesabu yako na mimi nina yangu, kwa hesabu yangu mtoto huyu anazaliwa mwisho wa Julai, sasa niambie mimi Henrique, mtu ambaye bado hajazaliwa arobaini yake imeanza lini. Bi Zuleica akamwangalia. Akauliza, kama hajazaliwa, tumbo lake liko wapi. Marehemu akaninyooshea kidole mimi, akasema, lile pale, shati lake kubwa linatosha.

Bi Zuleica alicheka mpaka akajisogeza, mlango ukawa wazi.

Nikaenda Palma nyuma ya pikapu na binti yangu kifuani ndani ya shati, maziwa ya mama yake kwenye kikombe chenye mfuniko, marehemu pembeni, na kila aliyenijua aliniuliza mimba ya miezi mingapi, naye akawajibu kwa niaba yangu, saba na ushee, msimtishe. Daktari akakuta jicho la kushoto limeanza kuharibika, Pemba wakalitibu likapona, na Bi Zuleica naye alifuatana nasi, akisema kwa kuwa arobaini haijaanza anaruhusiwa kuiona Pemba. Baada ya hapo marehemu alimfuata Yasmin miaka saba, masikio, miguu, maneno, mpaka alipomwona anatunga uzi kwenye sindano, akasema huyu nimemmaliza.

Mwaka 2021 tulipowakimbia wenye silaha walioivamia Palma, tuliotawanyika Pemba tulimwona akipita hema kwa hema, baiskeli hana, mizani anayo, akiuliza njiti wake wako wapi.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili, akawasumbua wauguzi kwamba wanampima uzito vibaya, na tarehe 9 Agosti 2025, alfajiri, akatutoka nyumbani kwake, Bi Aida amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika, wenzake wa kazi waliombeba, na wale vijana warefu pale nyuma, njiti wake, waliochimba kaburi tangu asubuhi wasikubali kupokezana na mtu.

Kila mara alipomaliza kuyapima macho ya Yasmin alinigeukia akasema, na wewe mtani njoo nikupime, simu unaishika mbali kama unapiga picha, nami nikamjibu niache, mimi nilitimiza miezi tisa. Pumzika kwa amani, mtani wangu, wiki ijayo nakwenda kupimwa, maana ndugu zangu mliokaa mbele mmekwisha kuiona karatasi hii nilivyoishika kwa mkono ulionyooka, na herufi zenyewe mmeziona, Yasmin ameziandika kubwa kama za ukuta wa duka, mnazisoma kutoka hapo mlipo, njiti anaona vizuri kabisa, kipofu ni huyu aliyetimiza miezi tisa.