Leland Stroebel na Kadi Namba Thelathini na Saba

Ijumaa tarehe 27 Septemba 2024, saa kumi na moja jioni, Bwana Leland Stroebel atarudisha ufunguo wa chumba cha nyaraka baada ya kuwa nao kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Nimeandika "atarudisha" kwa matumaini. Mlinzi wetu ameombwa asimame mlangoni auchukue kwa mkono wake.

Kazi ya kuandika wasifu huu wa kumuaga anapostaafu nimepewa mimi, Ardis Halvorsen, mtunza nyaraka, kwa sababu meza yangu imetazamana na ya Leland tangu mwaka 1996. Nilijaribu kuikwepa. Mtu ukimtazama miaka ishirini na minane akinusa karatasi, unakosa mahali pa kuanzia.

Leland alijiunga na Jumba la Kadi za Besiboli la Kettle Prairie mwezi Mei 1993, akiwa mtafiti wa historia. Kazi yake ilikuwa kueleza jinsi vipande hivi vya karatasi ngumu vyenye picha za wachezaji vilivyotoka kwenye pakiti za sigara, vikaingia kwenye mikate na peremende, vikahamia kwenye chingamu, na hatimaye kwenye makabati ya watu wazima wanaovishika kwa glavu. Aliandika makala sitini na mbili. Arobaini kati ya hizo zinasomeka.

Ni yeye aliyetufundisha kwamba kadi iliyokaa na tumbaku na ile iliyokaa na chingamu hutofautishwa kwa pua kabla ya macho. Tatizo ni kwamba pua yake haikujua kupumzika. Mwaka 2003 mgeni mmoja alimpa kadi ya mwaliko wa harusi. Leland akainusa mbele ya bibi harusi, akatangaza kuwa ni ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 2007 alitafuna kipande cha chingamu cha mwaka 1954, eti apate ladha halisi ya zama zile. Alirudi kazini Jumatatu akiwa na jino pungufu na shavu lililoumuka kama andazi. Alisema ladha ilikuwa ya chaki.

Lakini kilichomjulisha kwa watu ni Daftari la Akina Mama. Kila mkusanyaji wa kadi katika nchi hii atakwambia alikuwa na boksi zima la viatu lililojaa kadi, na kwamba mama yake alilitupa siku alipoenda jeshini au chuoni. Mwaka 1998 Leland aliamua kwamba ni haki upande wa pili nao usikilizwe. Akawa anakwenda nyumba kwa nyumba na keki mkononi, anaketi jikoni kwa akina mama wa watu, na kuwauliza kwa adabu kama walitupa. Daftari lina safu tatu: jina, jibu na sababu.

Hadi kiangazi cha mwaka huu alikuwa amewahoji akina mama mia nne na kumi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyekiri. "Mimi nitupe kitu cha mwanangu? Hebu kamuulize baba yake," walisema, na hao akina baba ama walikuwa makaburini ama ziwani wakivua samaki. Kwa mujibu wa daftari hilo, mamilioni ya kadi za jimbo letu la Wisconsin zilijitupa zenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililomnyima usingizi. Mwaka 1911 kiwanda cha mikate cha Obenauer, hapa hapa mjini, kilitia kadi moja ndani ya kila mkate. Mbele palikuwa na picha ya mchezaji na namba, nyuma palikuwa na mapishi. Namba zilikuwa moja hadi hamsini, na kadi arobaini na tisa zinajulikana. Namba 37 haijawahi kupatikana. Leland, katika makala yake ya kwanza kabisa, aliandika kwamba alikuwa nayo utotoni, urithi wa babu yake: Otto Feuerbach, mdakaji wa mipira mwenye masharubu yaliyopinda kama mkono wa kikapu. Ilikuwa kwenye boksi lake la viatu, na boksi hilo halikuonekana tena tangu alipoondoka kwenda chuo mwaka 1977.

Hakuna aliyemwamini. Dwight Pangborn wa Milwaukee, mhariri wa Orodha ya Wakusanyaji, ambayo kwetu ndiyo msahafu, alishikilia kwamba kiwanda kiliruka namba hiyo makusudi ili watoto waendelee kudai mikate wakitafuta kisichokuwepo. Kwenye mikutano ya wakusanyaji walikuwa wakimwekea Leland kipande cha mkate juu ya kiti chake. Alikuwa anakipaka siagi na kukila, huku anacheka. Sisi tuliokaa naye karibu tulijua hacheki kwa moyo.

Mwezi Juni Dwight alipiga simu. Toleo jipya la Orodha lingepelekwa kuchapwa tarehe 30 Septemba, na kwa kuwa na yeye amezeeka, hilo ndilo la mwisho. Mbele ya namba 37 pangeandikwa "haikuwahi kuchapwa."

"Uliiota, ndugu yangu," alimwambia. "Kula mkate, ulale."

Leland aliweka simu chini. Saa ya chakula akasema, "Ardis, nitatoka hapa nikiwa mwongo kwa maandishi." Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza bila kutia mzaha, na nilivunjika moyo kwa niaba yake. Nikachukua Daftari la Akina Mama, nikalipitia lote, nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza zamani: mama yake mwenyewe yuko ukurasa gani?

Hakuwemo. Mtu aliyevuka kaunti nzima kwa baiskeli, gari na mara moja kwa trekta kuwahoji mama za watu alikuwa hajamuuliza wa kwake. Bi. Verna Stroebel ana umri wa miaka tisini na mmoja, anakaa mtaa wa nne kutoka hapa, na Leland hula naye samaki kila Ijumaa.

"Nikimuuliza, halafu akasema ndiyo?" alinijibu. "Nitamtazamaje?"

Ilimchukua hadi Agosti kupata ujasiri. Daftari nililibeba mimi, yeye akabeba keki. Bi. Verna alisikiliza swali lote huku akimenya viazi.

"Ndiyo," alisema. "Nililitupa. Jumanne, siku ya takataka. Nilidhani unajua."

Leland aliliandika. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuandika neno hilo kwenye safu ile. Mama akaendelea kumenya.

"Zingine nilizionea huruma. Ile ya pudini hata sikujali."

Nikamuuliza pudini gani.

"Yule wa masharubu. Nyuma yake kulikuwa na pudini ya mkate. Niliipika kwa chakula cha kanisa, mwaka ule wa theluji ya Aprili. Kikombe kizima cha chumvi! Mimi nimezaliwa kwa Wanorwe, nimeolewa kwa Wajerumani. Nikadhani ndivyo wakwe zangu walivyokula zamani. Basi nikafuata maandishi. Mchungaji alikula vijiko viwili kwa heshima, akahubiri jioni nzima na glasi ya maji mkononi. Mama mkwe wangu hakunisemesha mpaka Pentekoste."

Nilijua hapo hapo kwamba tumepata kitu. Kama kosa hilo lilimpata Bi. Verna, liliwapata wanawake wa mwaka 1911 pia, na wanawake wa mji huu hawaharibikiwi pudini wakanyamaza. Tulirudi ofisini mbio, yaani kwa mwendo ambao Leland na mimi tunauita mbio. Nikatoa magazeti ya mjini ya mwaka ule. Leland alikuwa ameyasoma yote mara tatu, kila ukurasa wa michezo. Mimi nikafungua ukurasa wa sita, wa mambo ya jikoni.

Tangazo lilikuwa kwenye toleo la tarehe 14 Oktoba, chini ya shairi la kusifu sabuni. Kiwanda cha Obenauer kiliwaomba radhi akina mama waheshimiwa. Mapishi yaliyo nyuma ya kadi namba 37, mdakaji Feuerbach, yalikuwa na kosa. Penye chumvi pasomeke sukari. Atakayeirudisha kadi hiyo angepewa mkate mmoja bure. Namba haikurukwa wala kadi haikuotwa. Akina mama waliwapora watoto wao, wakaenda kuchukua mkate.

Leland alikaa sakafuni. "Nimesoma gazeti hili zima mara tatu," alisema.

"Umesoma nusu yake, kaka," nilimjibu, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi sana kumjibu hivyo.

Dwight alisomewa tangazo hilo kwenye simu. Akauliza kama mkate wa bure ulikuwa wa ngano au wa nafaka ya rai. Wiki iliyopita alituletea nakala ya ukurasa unaokwenda kuchapwa. Namba 37 imeandikwa hivi: Otto Feuerbach, ilichapwa, ikarudishwa kiwandani. Chanzo: Bi. Verna Stroebel. Leland ndiye aliyesisitiza jina liwe la mama yake na siyo lake.

Kadi yenyewe haipo na haitapatikana. Iko chini ya jalala la kaunti tangu mwaka 1977. Nilidhani hilo lingemuuma, lakini halikumuuma. Siku ile jikoni, kabla hatujaondoka, alikuwa amebakiza safu ya tatu, akamuuliza mama yake sababu.

"Ulikuwa umeondoka," Bi. Verna alisema. "Kila nikifagia chumba chako nalikuta lile boksi, nalia. Nikachoka kulia, mwanangu. Nikalitoa nje."

Leland hakuandika kitu. Alifunika kalamu, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya viazi.

Kuanzia Jumamosi anahamia kwa mama yake, ambaye miguu yake siku hizi inachagua siku za kufanya kazi. Bwana Leland, tunakushukuru kwa kila ukurasa uliousoma, na tunakusamehe zile ulizoziruka. Uwe na afya, jikoni pawe na moto, na Bi. Verna adumu. Ametupigia simu leo asubuhi kuuliza saa ngapi tutamwachia mwanawe, kwa kuwa chumba ameshakifagia.