Mshono wa Tatu Begani

DADA: Haloo? Haloo! Ni nani huyo?

BAHARIA: Dada, umepiga wewe halafu unauliza ni nani?

DADA: Mtandao wenu unakoroma, nitajuaje? Hujambo, mdogo wangu?

BAHARIA: Sijambo. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mmefika wapi?

BAHARIA: Tumetia nanga, tunangoja zamu ya kushusha mizigo. Mbona unanong'ona?

DADA: Niko stoo, nyuma ya marobota ya vitambaa. Nina dakika chache na salio la kubahatisha. Nipe Kiingereza.

BAHARIA: [anacheka] Chote?

DADA: Acha mzaha! Mkaguzi mgeni asiyejua Kiswahili yupo hapa kiwandani. Kafungua majaketi yangu ya kuokolea maisha, kakuta begani mishono mitatu. Mchoro unasema miwili. Ananiita nijieleze. Nikishindwa, natolewa kwenye cherehani, nakwenda kupanga vifungo.

BAHARIA: Si msimamizi akusemee?

DADA: Alitaka. Nikamwambia nina miezi minane darasa la jioni la Kiingereza, nitasema mwenyewe. Mdomo huu, Mungu anisamehe! Haya, mshono. Nimeandika s, e, a, m. Seamu.

BAHARIA: Siim. Vuta.

DADA: Siiiiim.

BAHARIA: Usivute mpaka ukatike! Ukiondoa ile m, inabaki sii. Bahari.

DADA: Kumbe bahari ninayo mkononi kila siku! Uzi?

BAHARIA: Thred. Ulimi kwenye meno, kama thelathini.

DADA: Thred. Kushona naona s, e, w. Siu?

BAHARIA: Sou.

DADA: Hiyo o imetoka wapi?

BAHARIA: Waulize wenyewe, mimi nimeikuta. Wimbi ni weiv. Na kuzama ni draun, utalihitaji, maana mtu asipo—

DADA: Hilo sitaki.

BAHARIA: Dada, jaketi la kuokolea utalielezaje bila—

DADA: Halipiti mdomoni mwangu. Nipe lingine.

BAHARIA: Kwa nini mitatu, dada?

DADA: Mtandao unakwama.

BAHARIA: Haukwami. Nakusikia unavyohema.

DADA: Ile shehena ya majaketi ya mwezi wa nne ilikwenda kwenye kampuni yenu. Sikujua utapewa lipi. Basi nikayaongezea yangu yote, na mpaka leo sijaacha.

BAHARIA: Yote?

DADA: Mia mbili na kumi. Mshono wa tatu ni uzi wangu, muda wangu wa kula. Kila mmoja na dua yake. [kwikwi upande wa baharia] Unalia?

BAHARIA: Upepo huu.

DADA: Angalia lako basi. Ndani ya kola pana namba ya fundi. Mimi ni kumi na nne.

BAHARIA: Ngoja... Tisa. Mishono miwili.

DADA: Tisa! Yule anashona huku anasinzia! Livue sasa hivi, katafute—

BAHARIA: Nisikilize kwanza! Sema: mai bradha iz at sii. Ndugu yangu yupo baharini. Bradha, kama dhahabu.

DADA: Mai bradha iz at sii.

BAHARIA: Halafu thrii siimz, mishono mitatu. Inatosha.

DADA: Naitwa! Usikate, nakutia mfukoni mwa aproni. Niombee.

BAHARIA: Mimi? Dada, mimi tangu lini— [mlango unabamizwa, cherehani zinanguruma] Haya. Ee Mungu. Huyu ni dada yangu. Fundi namba kumi na nne. Mpe maneno yake. Ndiyo hivyo. Amina.

DADA: [kwa mbali] Mai bradha iz at sii. Thrii siimz. Ai sou... ai prei.

BAHARIA: [kwa sauti ya chini] Prei, naomba dua... Hilo la mwisho sikumfundisha mimi.

[Dakika zinapita. Vitu vinaburutwa upande wa baharia.]

DADA: Haloo? Bado upo?

BAHARIA: Nipo! Kasemaje?

DADA: Kalivuta bega la jaketi kwa mikono miwili mpaka shingo ikamtoka mishipa. Kisha akasema "kip it," akaandika kitu kwenye mchoro. Kip ndiyo nini? Nakwenda kwenye vifungo?

BAHARIA: Ubaki! Mshono ubaki, dada! Ushone hivyo hivyo!

DADA: Hivyo hivyo? Ndiyo maana kaandika tatu! Asante Mungu wang— [mlio] Salio linaniaga. We, lile la namba tisa, nenda ukali—

BAHARIA: Nililivua ulipokuwa ndani. Nimechimbua kasha zima la majaketi huku nakusikiliza.

DADA: Sasa umevaa la nani? Kwaheri, eeh, Mungu akulin— la nani?

[Mlio. Mlio.]

BAHARIA: Kumi na nne. Linanibana kwapani kidogo, lakini... Dada? Haloo?